SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: KAMPUNI ILIYOFUTWA DAFTARINI

Leo tutaeleza jinsi kampuni inavyofutwa katika daftari la Serikali, na jinsi ya kuirudisha.

Tuchukue mfano. Ndugu watatu wa Milepa wameandikisha kampuni, na kwa jina la kampuni hiyo wamenunua mashine ya kukoboa mpunga. Kila msimu mashine inanguruma na watu wanaleta magunia yao. Lakini tangu siku ya kuandikishwa, ndugu hao hawajapeleka karatasi hata moja kwa Msajili. Je, kampuni yao ingali hai? Mashineni ni hai. Daftarini huenda imekwisha kufa.

Sababu ni hii. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 yaitaka kila kampuni ipeleke taarifa ya mwaka kwa Msajili, yaani kwa BRELA, ndani ya siku 28 tangu kutimia mwaka wa kuandikishwa kwake. Taarifa hiyo hupelekwa hata kama mwaka huo hamkupata faida. Msajili asipopata habari zenu kwa muda mrefu, aweza kudhani mmeacha kazi. Huwaandikia barua; msipojibu, hutangaza katika Gazeti la Serikali; na muda uliowekwa ukiisha, hulifuta jina. Angalia: barua hiyo huenda kwenye anwani iliyomo daftarini. Kama mmehama bila kumwarifu, hamtaiona.

Hasara yake ni kubwa. Kampuni iliyofutwa haiwezi kumiliki kitu. Mali yake huhesabiwa kuwa haina mwenyewe, na kwa sheria huwa ya Serikali. Mashine ile ni mali ya kampuni, si ya ndugu watatu! Lakini madeni hayafutiki hivyo. Wakurugenzi na wanahisa bado waweza kudaiwa kwa wajibu waliokuwa nao.

Wengine husema, "Si neno, tutaanzisha kampuni nyingine." Hapana. Mbele ya sheria kampuni mpya ni mtu mwingine. Haina haki juu ya mashine wala mikataba ya ile ya kwanza.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, pateni hakika. Siku hizi kazi za BRELA hufanywa kwa njia ya intaneti, nanyi mtahitaji namba za vitambulisho vya Taifa. Huenda mkakuta jina bado limo, ila mna taarifa za nyuma. Hapo pelekeni taarifa zote, lipeni ada na faini, na sahihisheni anwani.

Pili, kama jina limefutwa, ombeni Mahakama Kuu iamuru lirudishwe. Mahakama hiyo ina masijala yake mjini Sumbawanga. Kampuni yenyewe, mwanahisa au mdai aweza kuomba. Mtafuteni wakili, na mchukue stakabadhi, daftari la hesabu na mikataba kuonyesha kwamba kampuni ilikuwa ikifanya kazi ilipofutwa. Msikawie, kwa maana sheria imeweka kikomo cha miaka ya kuomba.

Tatu, mkipata amri, ipelekeni kwa Msajili. Hapo kampuni huhesabiwa kana kwamba haikufutwa kamwe.

Nne, tengenezeni mengine yaliyokwama: kodi katika ofisi ya TRA, kisha leseni ya biashara katika Halmashauri. Leseni peke yake haifufui kampuni. Kila ofisi ina daftari lake.

Safari ya kupanda kutoka bondeni mpaka Sumbawanga ina gharama, na wakili naye hulipwa. Taarifa ya kila mwaka ni rahisi zaidi kuliko hayo yote.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Katika kampuni yenu, nani amepewa kazi ya kupeleka taarifa ya mwaka?
2. Anwani iliyomo daftarini ni ya nani, naye angali hapo?
3. Kwa nini kampuni mpya haiwezi kuchukua mashine ya kampuni iliyofutwa?