Lita moja, mabwana watatu

Mwanza haina haja ya kuagiza pikipiki maalumu ya porini. Boxer ileile inayopakia abiria Mirongo, kata iliyo jirani na katikati ya jiji, muda mfupi baadaye inapanda Bugarika kwa gia namba moja: jabali upande huu, mtaro upande ule, mshikaki wa abiria wawili nyuma na mfuko wa unga juu ya tenki. Lami imebaki chini. Igogo na mitaa ya juu ya Mabatini ni hivyohivyo, na ukitoka mjini kuelekea vijiji vya Misungwi, Magu au Sengerema utakutana na changarawe, mchanga na makorongo. Vitabu vya watengenezaji huyaita hayo mazingira magumu ya kazi, na hushauri oili ibadilishwe mapema zaidi. Kwa bodaboda wa Mirongo hayo ndiyo mazingira ya kila siku.

Ndiyo maana mabishano ya oili hayaishi vijiweni. Mmoja anaapia kopo jekundu, mwingine la dhahabu. Wa tatu atakwambia oili ni oili, bora iwe nzito. Wote watatu wanazungumzia upande wa mbele wa kopo. Yenye maana yameandikwa nyuma, kwa herufi ndogo.

Gari huwa na oili ya injini, na gia boksi ina yake. Pikipiki nyingi za mipigo minne, hizi fostroki, zina oili moja tu, kiasi cha lita moja au zaidi kidogo, na lita hiyo inatumikia mabwana watatu kwa wakati mmoja. Pistoni na kamshafti zinataka utelezi. Sahani za klachi, zilizozama katika oili hiyohiyo, hazitaki utelezi, zinataka kushikana. Meno ya gia nayo huibana oili na kuikatakata, hadi ile iliyoingia ikiwa nzito hutoka imekuwa nyepesi. Ongeza joto: injini hizi hupozwa kwa upepo, na mlimani, kwa gia namba moja na klachi iliyoshikwa nusu, upepo wenyewe haupo.

Honda walipotoa CRF450R ya mashindano ya matope, toleo la mwaka 2002, waliona heri mabwana hao watenganishwe: oili ya injini chumba chake, ya klachi na gia chumba chake. Boxer, TVS na Honda XL za zamani hazina anasa hiyo.

Mgongano huu uliwatoa jasho Wajapani wenyewe. Katika miaka ya 1990 oili za magari zilizidi kutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwa magari ilikuwa neema. Kwa pikipiki, klachi zikaanza kuteleza. Mwaka 1998 shirika la viwango vya magari la Japani, JASO, likatoa kipimo kinachogawa oili za pikipiki za mipigo minne katika makundi mawili. MA ni ya klachi inayoogelea ndani ya oili. MB ina utelezi zaidi, na inafaa skuta zenye klachi kavu. Mwaka 2006 MA nayo ikagawanywa kuwa MA1 na MA2, hii ya pili ikiwa na mshiko mkubwa zaidi. Kwa pikipiki zetu za kazi, yoyote kati ya hizo za MA inatosha, mradi herufi zenyewe zionekane kwenye kopo.

Zisipokuwepo, mlima ndio utakaosema. Dereva anafungua mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haisogei kwa kadiri ya kelele hiyo. Fundi anatazama na kusema sahani za klachi zimekwisha. Zinabadilishwa, oili ileile ya gari inarudishwa, na baada ya muda mfupi fundi na dereva wanaonana tena. Tusizidishe hofu, lakini. Si kila oili ya gari ina kosa hilo: 20W-50 nyingi za kawaida hazitiwi kemikali hizo kwa wingi, na ziko oili za dizeli za 15W-40 zilizopimwa zikapewa MA. Za kuogopwa hasa ni zile nyembamba za kisasa, 5W-30 na jamaa zake, zenye maneno ya kuokoa nishati kwenye alama ya duara ya API, taasisi ya petroli ya Marekani. Kwa gari jipya ni oili nzuri mno. Kwa Boxer inayopanda Bugarika ni pesa iliyomwagwa.

Sasa namba. Namba yenye W huhusu baridi, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ya 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Mwanza ikishuka nyuzi 17 alfajiri watu wanatafuta majaketi. Kwa hiyo anayekwambia ununue oili ghali kwa sababu ya W ndogo anakuuzia kinga ya theluji, ingawa ni kweli kwamba 10W huwahi kidogo kufika juu kwenye valvu injini inapowashwa asubuhi. Namba ya pili ndiyo ya kwetu: inaonyesha uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100. Hapo 50 ni nzito kuliko 40, na 40 ni nzito kuliko 30.

Imani ya oili nzito ina sababu zake. Bajaj, watengenezaji wa Boxer, huelekeza 20W-50. Lakini Honda nyingi za sasa zimeundwa kwa 10W-30. Ukiijaza 20W-50 unailazimisha pampu kusukuma kitu kizito kuliko kilichokusudiwa, na petroli ndiyo italipa. Kitabu cha pikipiki kinalijua hili kuliko kijiwe kizima. Kuna pia injini zilizochoka, zinazotoa moshi wa bluu, ambazo wenyewe huzitilia oili nzito zaidi ili moshi upungue. Moshi hupungua kweli. Ringi zilizokwisha zinabaki zimekwisha.

Herufi za API nazo huenda kwa alfabeti. Inayoanza na S ni ya injini za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo mpya zaidi: SF ni ya mwaka 1980, SL ya 2001, SP ya 2020. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za magari zilizotengenezwa baada ya 1988, na bado makopo ya SF yanauzwa Afrika Mashariki kana kwamba ni ya jana. Bei yake huvutia. Kwa pikipiki ya leo tafuta SJ au SL kwenda mbele, pamoja na ile MA.

Jiji hili la ziwa lina mtego mwingine ambao Dodoma hawaujui sana. Injini nyingi za kupachika kwenye mitumbwi ya uvuvi ni za mipigo miwili, hivyo 2T na 4T hukaa kwenye rafu moja. Oili ya 2T imetengenezwa ichanganyike na petroli na iungue pamoja nayo. Haikuumbwa kukaa kwenye injini na kulinda gia. Za mipigo miwili ni pia pikipiki za Yamaha DT na Suzuki TF za miradi ya zamani, ambazo baadhi bado zinakimbia vijijini: hizo zinataka 2T. Anayezichanganya atalikumbuka kosa hilo siku injini itakaponoki.

Kuhusu sintetiki na ile ya kawaida ya madini, msimamo wangu hauyumbi. Sintetiki huvumilia joto zaidi, hilo halina ubishi. Lakini injini nyingi ndogo hazina filta ya karatasi. Zina wavu na kikombe kinachozunguka kunasa taka, basi. Vumbi la Kanda ya Ziwa likipenya kwenye filta ya hewa iliyopasuka linaishia kwenye oili, na huko linasaga chuma, oili iwe ya bei yoyote. Anayekimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi, nyingi zikiwa za mlima na klachi. Afadhali 20W-50 ya kawaida yenye MA inayomwagwa mapema kuliko sintetiki ya bei inayoachwa miezi mitatu kwa sababu ilikuwa ghali. Na ya kwanza kabisa, ya pikipiki mpya, imwagwe kwenye kilomita 500 hivi, maana ndiyo inayobeba unga wa chuma wa vipuri vinavyozoeana.

Maji nayo yana habari yake. Mvua kubwa ikinyesha Mto Mirongo hufurika, na Mabatini imekumbwa na mafuriko hayo mara nyingi. Pikipiki ikipita kwenye maji yaliyofunika injini, tazama oili kabla ya kurudi barabarani. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hakuna cha kusubiri.

Mto huo unahusika na oili kwa namna nyingine. Oili chafu inayomwagwa mtaroni Mirongo huishia mtoni, mto huishia ziwani, na mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, huchota maji ya jiji humohumo ziwani, pamoja na eneo la Capri Point. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema oili chafu ya gari moja, ya mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Baadhi ya mafundi huikusanya kwenye madumu, na maseremala huichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Ni afadhali kuliko mtaroni, japo nguzo nazo hunyeshewa.

Dumu hilohilo lina wateja wabaya zaidi. Oili iliyotumika ikichujwa na kutiwa kwenye kopo la jina kubwa, macho matupu hayatoshi kuitambua. TBS husimamia viwango na Tume ya Ushindani, FCC, hupambana na bidhaa bandia, lakini kopo tupu analitupa dereva mwenyewe. Mafundi makini hulitoboa mbele ya mteja kwa bisibisi. Oili ya kupima kutoka pipani haina hata kopo la kuuliza: hujui MA, hujui API, hujui ilitoka wapi.

Mpaka hapa ningeweza kusema elimu ndiyo inayokosekana. Siamini hivyo. Madereva wengi wanaijua oili nzuri. Swali ni injini ya nani. Dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, wakati oili inatoka mfukoni mwake, ana kila sababu ya kusogeza mbele siku ya kumwaga, na kupima kwenye pipa ikifika. Injini ikifa ni ya tajiri. Aliye kwenye mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake baada ya mwaka au zaidi, huanza kusoma nyuma ya kopo kadiri siku zinavyokaribia. Pikipiki za ofisi zina hali ileile: mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo, na afisa wa kijijini ambaye fungu la matengenezo halijamfikia atatumia kile duka la karibu lilicho nacho.

Tajiri anayetaka injini yake iishi anaweza kuanza na karatasi ya mkataba. Hesabu imeandikwa humo, na tarehe, na nani analipa faini ya barabarani. Aongeze mstari mmoja: 20W-50 kama ni Boxer, JASO MA, inunuliwe na tajiri, imwagwe kila baada ya kilomita walizokubaliana, na mita ya pikipiki ipigwe picha siku hiyo. Gharama ya lita hiyo aigawe kwa siku za mwezi, kisha ailinganishe na kuchonga silinda, pistoni mpya, na siku ambazo pikipiki italala kwa fundi bila hesabu.