Taa za Rangi na Vitalu Vyetu

Kamati kadhaa za sharika katika wilaya za Mbulu na Hanang, pamoja na baadhi ya wafadhili, wametuuliza kama fedha za vitalu zitumike kununua taa za LED za rangi. Tunaeleza hapa ili kila kamati iamue ikiwa na uelewa.

Mmea hutumia mwanga kwa njia mbili.

Kwanza, mwanga ni chakula. Jani hunasa zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na kuutumia kutengeneza sukari. Ndiyo maana taa hizo zina rangi hizo mbili. Hata hivyo, paneli ya sola hugeuza kama moja ya tano tu ya nguvu ya jua kuwa umeme, na taa hugeuza kama nusu ya umeme huo kuwa mwanga. Mche hupata takriban sehemu moja ya kumi ya kile ambacho jua lingeupa bure. Kaskazini mwa Ulaya, ambako mchana wa majira ya baridi ni mfupi, taa zina kazi. Kwetu jua lipo mwaka mzima.

Pili, mwanga ni ishara. Buluu hufanya shina liwe fupi na imara. Kivuli cha majani huufanya mche urefuke na kuwa mwembamba. Urefu wa usiku huiambia mimea mingi wakati wa kutoa maua. Huko Uganda, mashamba ya vipandikizi vya krisanthemamu huwasha taa usiku ili mimea isichanue mapema. Vitalu vyetu vya miti na mboga havina haja hiyo.

Ishara hii inahusu pia mbegu za msaada. Vitunguu vya kaskazini mwa Ulaya huhitaji mchana wa saa 14 hadi 16. Mchana wetu ni kama saa 12, hivyo hutoa majani bila kichwa kizuri. Mbegu zinazofaa ni za mchana mfupi, kama Red Creole.

Tunashauri:
- Kitalu kiwe mahali pa wazi, si chini ya mti.
- Kichanja cha nyasi kipunguzwe kidogo kidogo kabla ya kuhamisha miche.
- Fedha zilizokusudiwa taa ziende kwenye maji, mbegu bora na uzio wa kuzuia mifugo.