Mikimbio minne iliyokosekana: wastani wa Don Bradman na dawa za hospitalini

Tarehe 14 Agosti 1948, uwanja wa The Oval, London. Don Bradman wa Australia anaingia kupiga katika mechi yake ya mwisho ya Test, ile kriketi ya siku nyingi inayochezwa baina ya nchi. Anahitaji mikimbio 4 tu, yaani pointi 4, amalize na wastani wa 100. Mpira wa kwanza anauzuia. Wa pili, kutoka kwa Eric Hollies wa Uingereza, unampita na kugonga vijiti. Ametoka na sifuri. Uingereza walikuwa wamejiangukia kwa mikimbio 52 tu, kwa hiyo Australia ilishinda bila kuhitaji kupiga mara ya pili. Nafasi haikurudi.

Bradman akabaki na 99.94. Kuona ukubwa wa namba hiyo, mlinganishe na Sachin Tendulkar wa India, mmoja wa magwiji wa mchezo huu. Yeye alimaliza na 53.78.

Sasa chukua kalamu, tupige hesabu. Bradman alipata mikimbio 6996 katika zamu 80 za kupiga. Ukigawanya unapata 87.45. Mbona siyo 99.94? Nani amechakachua?

Hakuna aliyechakachua. Katika zamu 10 kati ya hizo 80, Bradman hakutolewa. Labda wenzake waliisha, labda mechi iliisha, yeye akiwa bado yupo uwanjani. Kriketi hugawanya mikimbio kwa idadi ya mara mpigaji *alizotolewa*, siyo mara alizoingia. 6996 gawanya kwa 70, unapata 99.94.

Wengi wakisikia hivi huona ni upendeleo. Mimi pia niliona hivyo, mpaka nilipoanza kusoma takwimu za afya. Hebu tuhame uwanjani kidogo, twende hospitalini.

Tuseme tunajaribu dawa kwa wagonjwa wanne, kwa miezi 12. Mmoja ugonjwa unamrudia mwezi wa 6, mwingine mwezi wa 10. Wawili waliobaki bado ni wazima utafiti unapofungwa. Je, dawa hii inamkinga mtu kwa wastani wa miezi mingapi?

Ukisema 6 + 10 + 12 + 12 ni 40, gawanya kwa 4, jibu ni miezi 10. Lakini umewahesabu wale wawili wazima kana kwamba waliugua mwezi wa 12, na hawakuugua! Ukiwatupa kabisa, ni mbaya zaidi: unabaki na miezi 8, na umefuta watu ambao dawa iliwasaidia zaidi. Dawa nzuri inaweza kuachwa kwa kosa la kugawanya tu.

Njia iliyo karibu zaidi na ukweli ni kuchukua muda wote na kuugawanya kwa idadi ya walioumwa tena: 40 gawanya kwa 2, miezi 20. Hiyo ndiyo hesabu ya Bradman. Mgonjwa ambaye bado ni mzima ni sawa na mpigaji ambaye hajatolewa: tunajua amefika wapi, hatujui angeishia wapi. Wanatakwimu huiita data iliyokatishwa, na kuna tawi zima la takwimu linaloishughulikia.

Ila usiondoke na namba ukasahau sharti lake. Hesabu hii inadhani kwamba hatari ya kutolewa ni ileile muda wote. Uwanjani sivyo: mpigaji anapoingia, macho bado hayajauzoea mpira, na hapo ndipo yuko hatarini zaidi. Bradman mwenyewe alitolewa na sifuri mara 7 katika Test. Hospitalini nako, miezi ya mwanzo huwa siyo sawa na ya mwisho. Ndiyo maana mtafiti makini haishii kwenye wastani. Huchora pia mstari unaoonyesha ni wangapi bado wapo kila mwezi.

Kwa hiyo siku nyingine ukiletewa wastani, wa dawa, wa balbu au wa mchezaji, uliza swali moja kabla hujaukubali: wale ambao bado hawajatoka, mmewaweka wapi?