Papa, leso na baraza: Maneno mepesi yanayomponza msomaji wa riwaya za Mombasa

Katika riwaya ya Khadija Abdalla Bajaber, The House of Rust, iliyochapishwa Marekani mwaka 2021, binti wa Kihadhrami aitwaye Aisha anaondoka Mombasa kwenda kumtafuta babake, mvuvi aliyepotelea baharini. Chombo chake ni cha mifupa, msafiri mwenzake ni paka anayesema, na miongoni mwa madubwana yanayomngoja majini yumo mmoja aitwaye Baba wa Papa. Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, ikashinda mwaka 2022 Tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Msomaji wa Chicago akifika kwenye jina hilo, "papa" kwake ni baba, basi huliona kama baba wa baba. Mkatoliki wa bara humkumbuka Baba Mtakatifu wa Roma. Aliyelelewa karibu na soko la samaki hahitaji kuelezwa: anamwona samaki mwenyewe, mapezi na meno, na anakumbuka harufu ya papa mkavu.

Jina hilo moja linatosha kuonyesha ugumu wa riwaya kama hii unakokaa. Neno geni kabisa halina hila. Humsimamisha msomaji, akafungua kamusi au akamuuliza mtu. Linaloponza ni neno ambalo msomaji anadhani analijua; humpisha bila kumshtua, naye akaenda kurasa kumi nzima na maana isiyokuwamo.

Lahaja ndiyo chanzo cha kwanza cha mitego hiyo. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamefunzwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Uamuzi wa kukifanya Kiunguja msingi ulipitishwa Mombasa penyewe, katika mkutano wa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuusimamia. Kimvita, lugha ya mji uliowapokea wajumbe, kikabaki nje ya vitabu vya shule. Hakikufa. Kimeendelea kusemwa majumbani, na Abdilatif Abdalla alikitungia mashairi ya Sauti ya Dhiki, diwani ya mwaka 1973 iliyotoka gerezani. Mwandishi wa riwaya anayetaka wahusika wake wa mitaa ya Kibokoni au Kuze waseme kama wasemavyo watu wa huko hana budi kukifungulia mlango.

Mara nyingi palipo na "ch" katika sanifu, Kimvita kina "t", na palipo na "nj" baadhi ya maneno huwa na "nd". Macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, njaa ni ndaa. Barabara mashuhuri ya Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, inaitwa Ndia Kuu, na wageni hupiga picha kibao chake bila kutambua kwamba kimeandikwa "njia kuu" tu. Muuzaji apitaye jioni na dele lake la shaba anauza kahawa tungu, yaani chungu, isiyo na sukari.

Maneno kama mato na kitwa yanajitangaza ugeni wake. Hatari imo katika ndoo na teka. Bibi wa riwayani anayemwambia mjukuu "ndoo hapa" hamtumi kuleta ndoo, anamwita aje. Nayo sentensi inayosema kwamba wasichana walikaa kisimani wakiteka huweza kuwa na maana mbili, kuchota maji au kucheka, na mandhari ya kisima humvuta msomaji kwenye ile isiyokusudiwa. Mzawa wa Mombasa hachanganyi, kwa sababu kinywani mwake maneno hayo mawili hayafanani: katika teka ya furaha ulimi hugusa meno, katika teka ya maji hugusa ufizi. Herufi za kawaida za uchapaji haziionyeshi tofauti hiyo. Karatasi imenyamazisha kilichokuwa wazi sikioni, na ndiyo maana ukurasa mgumu wa Kimvita mara nyingi hufunguka ukisomwa kwa sauti mbele ya mwenyeji.

Kamusi zinasaidia, lakini si zote husaidia sawa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 ni hazina kwa lugha ya shule na ofisi. Kwa maneno ya Mvita, msomaji hulazimika kurudi nyuma zaidi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kukusanya msamiati wa huko kabla hakujakuwa na sanifu yoyote. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ilianza kuchapishwa Paris mwaka 1939, aliyawekea maneno alama za lahaja yalikotoka. Ni msaada mkubwa, tena unasikitisha: Krapf anaeleza kwa Kiingereza na Sacleux kwa Kifaransa. Mtoto wa Mombasa anayetafuta neno la nyanya yake hulazimika kulipitishia lugha ya ugenini ndipo limrudie.

Mtego wa pili ni wa vitu. Hapa lahaja si tatizo. Neno ni moja, lakini kila mji umelipa kitu chake. Leso ni mfano bora. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, leso ni kitambaa kidogo cha mfukoni cha kupangusia jasho. Kwa Mombasa, leso ndiyo ile ambayo Unguja huiita kanga: nguo ya wanawake yenye pindo, mji na maandishi yake, inayouzwa kwa jozi. Asili ya neno ni Kireno, lililokuwa na maana ya kitambaa. Riwaya ikisema mke alitoka amejifunga leso mpya na mke mwenzake akageuza uso, msomaji anayeona hanchifu hatajua kwamba yapo maneno yaliyoandikwa juu ya nguo ile, na kwamba huenda ugomvi mzima wa sura inayofuata umetangazwa hapo.

Baraza nalo hupotosha. Bara, baraza ni mkutano wa chifu au wa mawaziri. Katika Mji wa Kale ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje ya mlango, ambapo wanaume hukaa baada ya sala ya alasiri wakazungumza na kupokea habari. Ni mahali palipo nusu nyumbani na nusu njiani. Mgeni anayekaribishwa barazani amepokewa, lakini hajaingizwa ndani. Mchumba anayeishia barazani kurasa mia mbili amekwisha kujibiwa. Mwandishi aliyekulia huko haelezi hilo, kama vile mwandishi wa bara asivyoeleza kwamba mvua hunyesha kutoka juu.

Jina analoitwa mtu lina uzito kama wa kiti alichokalia. Nyanya yake Aisha katika The House of Rust anaitwa Hababa, neno la heshima kwa bibi katika nyumba za Kihadhrami. Neno hilo peke yake linaieleza familia: watu ambao wazee wao walitoka Hadhramaut, Yemeni, wakaletwa na pepo za msimu. Jirani akiwaita Washihiri, kutokana na bandari ya Shihr, habari ya asili ni ileile, ila hali imebadilika, kwa kuwa neno hilo vinywani mwa wengi limebeba dharau. Kamusi itasema yote mawili ni majina ya watu wa Hadhramaut. Hasira iliyomo katika mazungumzo haitaionyesha.

Bahari ina msamiati wake, na ni mpana mno. Kaskazi na kusi ni pepo, lakini katika hadithi za pwani ni kalenda na ni mfuko wa fedha pia. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi karibu Machi, na ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Uarabuni. Kusi hushika miezi ya katikati ya mwaka, ikachafua bahari. Mwandishi akiandika tu kwamba kusi imekaza, mwenyeji ameshaelewa kwamba mashua zimepandishwa pwani, samaki ni ghali na nyumba ya mvuvi ina deni dukani. Bamvua na maji mafu nayo hufanya kazi ya saa: lile ni maji kujaa na kutoka kwa kiwango kikubwa, haya ni maji yasiyokwenda mbali. Methali isemayo "tezi na omo, marejeo ni ngamani" inamtaka msomaji ajue sehemu tatu za chombo. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa panapokusanya maji ya kukumbwa. Utembee utakavyo juu ya chombo, kazi itakurudisha huko. Kwa maneno ya aina hii, pa kuyatafuta pazuri kuliko kamusi ni Sambo ya Kiwandeo, utenzi wa Sheikh Ahmed Nabhany uliochapishwa mwaka 1979 kuhusu uundaji wa jahazi. Nabhany, mzawa wa Lamu aliyeishi miaka mingi Mombasa, alitunga kwa nia hasa ya kuhifadhi majina ya vitu kabla mafundi hawajaondoka nayo. Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, uliufanyia mnazi kazi hiyohiyo.

Dini hupima muda vilevile. Ikisemwa kwamba mjane ametoka eda, kwa kawaida zimepita siku kumi na miezi minne tangu mumewe afe, hata kama mwandishi hakutaja mwezi wowote.

Majina ya wahusika huhitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu hakuna anayetafuta jina la mtu katika kamusi. Paka anayemsindikiza Aisha anaitwa Hamza. Hilo ndilo jina la ami yake Mtume Muhammad aliyepewa lakabu ya Simba wa Mwenyezi Mungu. Msomaji aliyepitia madrasa anapomwona paka mdogo mwenye jina hilo, tayari amekwisha kuonyeshwa ushujaa wake. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, shujaa anaitwa Kongowea Mswahili. Wanafunzi wengi wa Kenya wamelijibia mitihani jina hilo wakilijua kama la soko kubwa lililo ng'ambo ya daraja la Nyali. Katika mapokeo ya wenyeji, Kongowea ni jina kongwe la Mombasa, mji wa Mwana Mkisi, kabla ya enzi ya Shehe Mvita. Kijana anayehangaika akimtafuta baba na kwao amebebeshwa jina la mji wa kale wa Waswahili. Miongozo mingi ya shule hushughulika na dhamira na sifa za wahusika. Jina kama hili lingestahili ukurasa mzima.

Desturi ya kueleza maneno magumu si mpya Mombasa, na jina lake lenyewe ni mtego. Mwishoni mwa vitabu vingi vya mashairi pana sehemu iitwayo "sherehe", na msomaji wa leo hudhani ni karamu. Ni sherehe ya Kiarabu, ufafanuzi, ile waliyokuwa wakiitoa masheikh wakisomesha kitabu mstari kwa mstari. Aliyenufaika nayo kuliko wote pengine ni Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yamejaa mafumbo ya vita kati ya Wamazrui waliotawala Mombasa na Seyyid Said wa Omani, na watu waliotajwa kwa kificho. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akamsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika pamoja na maelezo ya nani alisema nini, kwa nani, na kwa sababu ya tukio gani. Diwani ilitoka Johannesburg mwaka 1940 mkononi mwa William Hichens. Wakati huo hapakuwa na mtu hai ambaye angeweza kuulizwa upya. Maana nyingi za beti zile zinajulikana leo kwa sababu Sikujua aliwauliza wazee mapema.