Kisu cha Kasansa na Kisu cha Ng'ambo

Msomaji wetu mmoja, kijana wa Visiwani ambaye kazi imempeleka Kasansa, katika Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, ametuandikia barua ambayo tumeona haifai kubaki mezani petu. Kijana huyo ameanza kukusanya visu. Hadi sasa anavyo sita: vinne vya ng'ambo, vyenye majina ya viwanda yaliyopigwa chapa ubavuni, na viwili alivyofuliwa na mhunzi wa huko huko. Wenzake humcheka kwa hivyo viwili. Humwambia kwamba kisu kilichotokana na springi ya gari si kitu cha kuwekwa kabatini. Naye anatuuliza: aendelee na vipi, vya kwetu au vya nje?

Wapo watakaosema kwamba swali hili ni dogo. Sisi hatulioni hivyo, kwani ndani yake mna suala la kujua tulichonacho kabla hakijatutoka.

Kwanza, mizani hii ya cha kwetu na cha nje si ya jana. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kiyunani habari za bandari za Bahari ya Hindi katika karne ya 1, alitaja bidhaa zilizoletwa Rhapta, bandari ya pwani yetu hii: mikuki iliyotengenezwa Muza, katika nchi ya Yemen, pamoja na mashoka na visu. Basi kisu cha ng'ambo kilikwisha kutia nanga kwetu yapata miaka elfu mbili iliyopita. Lakini mwaka 1154 mwanajiografia Al-Idrisi alieleza safari ya upande wa pili: kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kupata faida kubwa kwacho, na kwamba chuma cha Sofala kilipelekwa Bara Hindi kufuliwa panga zilizosifiwa. Chuma chetu kilikuwa bidhaa ya kutamaniwa na mafundi wa ng'ambo.

Na huko aliko kijana wetu si mbali na nyumbani kwa ufundi huo. Kusini mwa bonde la Mpimbwe, katika uwanda wa juu wa Ufipa, wahunzi walijenga kwa udongo matanuri marefu yaliyopita kimo cha mtu, mengine yakifikia mita 3 na zaidi. Matanuri hayo, yaitwayo malungu, hayakuhitaji mivukuto. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, na moto ukaendelea kuyeyusha mawe ya chuma. Kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa majembe, mashoka na visu. Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati ambapo kazi yenyewe ilikuwa imekaribia kuzimika. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya liliuzwa kwa bei nafuu, na chuma chakavu kilipatikana bila jasho la kuchimba wala kukata mkaa.

Hapo ndipo barua ya ndugu huyu ilipotugusa. Anasema alimwomba mhunzi wake amuuzie kisu kilichofuliwa na marehemu baba yake. Mhunzi akamjibu kuwa hana hata kimoja. Kila kisu kilichochakaa kilirudishwa motoni kikawa kingine, na cha baba yake huenda sasa ni mundu katika shamba la mpunga la mtu asiyemjua. Tunaomba wasomaji wetu walifikiri jibu hilo. Kisu cha ng'ambo hudumu katika kumbukumbu kwa sababu jina la kiwanda limechorwa juu yake. Kisu cha kwetu hakina jina, na chuma chake hakitupwi. Miaka hamsini ijayo atakayefungua makabati ya wakusanyaji atakuta Sheffield na Solingen, naye atasema kwa dhati kabisa kwamba sisi hatukuwa na wahunzi.

Hata hivyo, hatupendi kumdanganya mtu kwa jina la uzalendo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisu cha ng'ambo cha chuma kisichoshika kutu, aina iliyoanzia Sheffield mwaka 1913 kwa juhudi za Harry Brearley, kina heshima yake, hasa kwetu Visiwani ambako hewa ya chumvi hula kila kitu. Lakini vipo pia vya ng'ambo vinavyong'aa dukani na kupinda jikoni. Kisu cha springi ya gari hushika kutu upesi, lakini kikizimishwa vizuri hushika makali na kunoleka kwa kinoo cha kawaida. Kasoro yake kubwa ni kwamba mhunzi hupima moto kwa jicho, hivyo kimoja huwa kigumu kikamong'onyoka makali, na kingine laini kikapinda. Mnunuzi na aguse makali kwa tupa: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikila, ni laini.

Isitoshe, springi yenyewe ilitoka ng'ambo pamoja na lori. Kisu cha Kasansa, basi, ni chuma cha mgeni na mkono wa mwenyeji. Kinachotufanya tukiite cha kwetu ni ule mkono, na mkono hauwekwi kabatini.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa ndugu huyu ni huu. Asiviuze vile vinne, lakini vya kuongeza sasa viwe vya wahunzi walio hai. Kila anunuapo kimoja, aandike jina la mhunzi, kijiji, mwaka, chuma kilichotumika na kazi ya kisu hicho. Asichimbe penye matanuri ya kale, wala asinunue kutoka kwa aliyechimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda mahali hapo na kudhibiti utoaji wa vitu vya utamaduni nje ya nchi. Akirudi Visiwani, asivihifadhi ndani ya ala za ngozi, kwani ngozi huweka unyevu. Avipake mafuta ya cherehani na kuvifungia mbali na watoto.

Kwa viongozi tuna maneno machache. Maofisa Utamaduni wa wilaya wanaweza kuorodhesha wahunzi wa maeneo yao kwa daftari na kalamu tu, bila kungoja bajeti. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, linaweza kumsaidia kila mhunzi kuwa na chapa yake ya kupiga juu ya chuma, na kumfundisha kupima moto ili ubora wa kazi yake usibadilike kila siku. Nao wanaosimamia makumbusho yetu, Bara na Visiwani, wanunue leo kisu kimoja kimoja kutoka kwa mafundi hawa, pamoja na jina la aliyekifua.

Kumcheka mhunzi kwa kukosa chapa, ilhali hakuna aliyemsaidia kuipata, si haki. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa ng'ambo utaendelea kupita, nasi tutaendelea kuununua. Lakini mbachao ukishaingia motoni mara ya mwisho, hakuna meli itakayotuletea mwingine.