Utangulizi: Mshale Unaolala Mlimani

Gari linapanda kutoka Himo kwenda Marangu, limejaa ndugu na mizigo ya Krismasi. Ni Mercedes-Benz W123, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1975 na ambalo bado linaheshimika. Katikati ya mlima mshale wa spidomita unashuka hadi sifuri, na gari linapanda vizuri tu. Kufika Marangu Mtoni mshale umesharudi. Kesho yake fundi wa Moshi mjini analizungusha gari mitaani, mshale unasoma sawasawa, na hapo ndipo watu huanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Karibu, msomaji, kwenye taaluma inayokataa kubahatisha. Hitilafu inayokuja na kuondoka ina masharti yake: joto, unyevu, mzigo, mtikisiko. Mchunguzi huyatafuta masharti hayo kabla ya kushika bisibisi. Na kwa kazi hiyo wenyeji wa Kilimanjaro tumejaliwa. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Safari moja ya asubuhi inalipitisha gari kwenye joto, ukungu, kupanda kwa gia nzito na kushuka kwa mtikisiko. Fundi anayelijaribu gari kwenye tambarare peke yake amejinyima nusu ya ushahidi.

Kwanza tuelewe chombo. Mwaka 1902 Otto Schulze, Mjerumani, aliandikisha hataza ya spidomita ya sumaku, na W123 bado inafuata wazo hilo. Waya unaozunguka ndani ya ala yake hutoka gia boksi hadi dashibodi na kuzungusha sumaku. Sumaku haikigusi kikombe cha alumini kilicho jirani yake, lakini huzalisha umeme ndani ya kikombe hicho, na umeme huo hukivuta kigeuke pamoja na mshale. Springi nyembamba huuzuia mshale usizidi. Waya uleule, kwa meno ya gia, husogeza namba za kilomita.

Kwa hiyo swali la kwanza, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote: mshale ulipolala, namba za kilomita ziliendelea kuhesabu? Zikiendelea, waya unazunguka, na ubovu umo ndani ya spidomita. Vyote viwili vikisimama, shuka chini. Huenda ncha ya mraba ya waya imelika na inateleza. Au mipira ya kushikilia injini na gia boksi imechoka, injini inainama ikivuta mlimani, na waya unapindwa kuliko unavyostahimili. Hapo unaelewa kwa nini mjini halikuonekana lolote. Mshale unaorukaruka mwendo ukiwa mdogo ni habari nyingine. Mara nyingi waya umekauka grisi au umekunjika.

Magari ya Kijapani yaliyofuata, akina Crown na Mark II, mengi yaliacha waya na kutumia kihisi cha umeme. Swali halibadiliki, ila washukiwa wanaongezeka: plagi iliyoingia maji ya masika, athi iliyoshika kutu, lehemu yenye ufa mwembamba nyuma ya dashibodi. Ufa huo hufunguka na kufunga kadiri joto linavyobadilika. Dereva anayepiga dashibodi kofi na mshale ukaamka amekupa taarifa ya maana, iandike.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda sana. Kwa kiwango cha Kijapani, mizunguko 637 ni kilomita moja. Fungua spidomita ya waya ya kiwango hicho, iweke mezani, izungushe kwa drili kwa mizunguko 637 kwa dakika: lazima isome 60. Ikisoma hivyo bila kuyumba, iache, kasoro iko kwingine.

Haya yana uzito barabarani. Dereva asiyejua mwendo wake atapigwa tochi kwenye kibao cha 50, na mbaya zaidi, atashuka kona za Marangu akikisia. Namba za kilomita zikisimama, ratiba ya kubadilisha oili inapotea na mnunuzi anadanganywa.

Sura ya kwanza inahitaji daftari, mtu wa pili wa kuandika wakati wewe unaendesha, na tangi lenye mafuta ya kutosha kufika Marangu na kurudi.