Wawili Ndani ya Nyumba: Umeme Wenu Unatosha?

Wachumba wanaojenga nyumba hupanga kila kitu: rangi ya mapazia, vigae vya jikoni, hata nani atalala upande wa ukutani. Fundi umeme akiuliza, "Nyumba itabeba mzigo kiasi gani?" wote kimya! Waya unanunuliwa kwa kukisia, kisha mnalaumiana kila breka inapokata.

Hesabu yenyewe ni ya jioni moja tu. Mimi na mume wangu tuliifanya mezani, kalamu na daftari mkononi. Vifaa vingi vina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Vyetu vilisomeka hivi: shawa mbili za maji moto, 4,500 kila moja, viyoyozi viwili, 1,000 kila kimoja, birika 2,000, pasi 1,200, pampu ya maji 750, friji 150, oveni 2,500, mashine ya kufulia 2,000, maikrowevu 1,200, televisheni 100, taa na chaja za simu 100.

Jumla ni wati 21,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampia 91. Hapo ndipo watu hupandwa na presha na kukimbilia umeme wa njia tatu. Tulia kwanza!

Hakuna anayewasha vyote kwa mpigo. Unachotafuta ni ile nusu saa yenye pilikapilika kuliko zote. Kwetu ni saa 12 asubuhi: shawa moja, birika, pasi, kiyoyozi cha chumbani, pampu, friji na taa. Jumla wati 9,700, yaani ampia 42. Ongeza robo yake kwa ajili ya wageni na watoto watakaokuja, inakuwa ampia 53. Umeme wa njia moja wenye swichi kuu ya ampia 60 unatosha.

Sasa sikia. Sote tukioga wakati mmoja, kila mtu bafu lake, mzigo unapanda hadi wati 14,200. Hizo ni ampia 62, na hata ile robo ya akiba hatujaiweka! Vifaa ni vilevile, kilichobadilika ni tabia. Kwa hiyo ambianeni ukweli. Nani hupiga pasi asubuhi? Nani halali bila kiyoyozi? Mama mkwe akija kukaa, ataoga saa ngapi? Mkishindwa kupangiana zamu, mwambieni fundi mapema, maana kubomoa ukuta uliokwisha pakwa rangi ni gharama mara mbili. Sisi tumepangiana zamu. Nyie mnaweza kuoga pamoja, umeme utapona na penzi litanoga!

Mambo mawili msiyafanyie mzaha. Kwanza, pampu na friji huvuta umeme mwingi zaidi pale zinapowaka, kwa hiyo msipange mzigo hadi ampia ya mwisho. Pili, breka ikikata mara kwa mara, msikubali kuwekewa kubwa zaidi huku waya ukibaki uleule. Breka ndiyo inayoulinda waya usipate moto. Ukiinyamazisha, waya utaungua ndani ya ukuta nanyi mmelala.

Shawa pia ipewe waya wake na breka yake, isichangie na soketi.

Kabla ya kuchagua sofa, kaeni na daftari. Mtajua mzigo wa nyumba, na mtajuana ninyi wenyewe.